Hofu ya Watu Wazima

"Nani amecheka?"

Mchoraji wa ramani za majengo aliweka dadu mezani, akawatazama wenzake mmoja mmoja kama mwalimu aliyesikia mluzi darasani. Alikuwa amefunga mapazia mchana kweupe, amewasha mishumaa, amesoma ukurasa mzima kuhusu jumba la mawe lililomezwa na ukungu na popo anayelilinda, na bado kuna mtu amecheka.

"Ni mimi," mwalimu wa udereva alikiri. "Huyo popo wako, kaka. Samahani."

Samahani! Ndio watu aliojaliwa. Miezi yote wamekaa kwenye meza hii wakicheza mchezo wa kuigiza kwa dadu, mmoja akisimulia na wengine wakiwa wahusika, ulioongozwa na mfamasia: majoka wanene, hazina zisizokwisha, kila mtu shujaa, kila mtu anarudi kwao na taji kichwani. Hadithi za kulazia watoto. Leo amekiomba kiti cha mwongoza mchezo, na makubaliano yako wazi: akimtisha hata mmoja wao, kiti ni chake moja kwa moja. Akishindwa, anarudi kwenye majoka.

"Lakini si ungetuuliza kwanza nani hataki nini?" mfamasia alisema. "Mambo mazito haya. Huwezi kujua mtu amebeba nini moyoni."

"Hofu ya kuombea ruhusa," mchoraji alijibu. "Nikutilie na sukari?"

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, hakucheka wala hakununa. Huyu alijiunga nao juzijuzi tu, hata kurusha dadu hajui, na mchoraji alimvumilia kwa ajili ya undugu. Alipoingia alikuwa ameuliza, "Dada hajambo?" Akajibiwa kwamba ni kile kichwa chake tena, amelala, anamsalimia. Yakaishia hapo.

Mchoraji akatandaza ramani ya jumba. Aliichora mwenyewe kwa vipimo kamili. Kubuni ovyoovyo aliwaachia wengine. Akaeleza kwamba humo anaishi bwana mmoja na mkewe. Mke haonekani. Bwana anampenda kupita kiasi, kwa hiyo amemweka chumba cha mwisho kwenye korido, na mlango unafungwa kwa nje.

"Anamwambiaje?" mfamasia aliuliza.

Hapo akashusha sauti. Hapo ndipo alipojijua kuwa ni fundi.

"Anamwambia: nje kuna watu wabaya, mpenzi. Nani mwingine atakuvumilia? Hata ndugu zako wamekwisha kukusahau. Piga kelele ukitaka. Nitasema unaumwa."

Hakuna aliyecheka. Mfamasia alikirudisha kikombe kwenye kisahani bila kunywa, na mchoraji alipoliona hilo furaha ikampanda. Sasa mmeelewa, alijisemea. Kumbe mna damu.

Ndipo shemeji akaharibu.

"Ufunguo anauweka wapi?"

"Mtu anakupa hofu kama hii, wewe unauliza ufunguo?"

"Si ulinipa niwe mwizi? Mwizi anatafuta ufunguo." Akarusha dadu. Ikaangukia moja.

Kwa sheria, moja ni kushindwa, na shemeji hakustahili kuambiwa kitu. Lakini mchoraji hakuwa na subira ya kuona kikao kizuri namna hii kikikwama kwenye maswali ya mchezaji mpya.

"Ndani ya buti la kushoto, nyuma ya mlango wa jikoni. Umeridhika? Tuendelee na watu wenye akili."

"Na mlango wa nyuma?" mwalimu wa udereva akadakia. "Gari la farasi linafika?"

"Linafika, mwalimu. Hata kugeuzia pana nafasi. Usisahau kuwasha taa."

Shemeji akaomba kwenda msalani. Baada ya kitambo mwalimu wa udereva naye akakumbuka kwamba gari lake limeziba njia, akatoka kulisogeza. Ndivyo walivyo: hofu imefika penyewe, wao wanawaza maegesho. Mfamasia peke yake ndiye aliyebaki, akavuta kiti karibu.

"Huyo bwana," alisema, "anajua kwamba ni mbaya?"

"Mbaya?" Mchoraji alishangaa kweli. "Basi hujaelewa kitu. Hadithi nzima, mwenye mapenzi ni yeye tu."

Akamweleza. Akamweleza upweke wa bwana, hofu yake ya kuachwa, jinsi anavyosimama nje ya ule mlango akisikiliza mtu anavyopumua. Hakuwahi kusikilizwa hivyo maishani. Mfamasia hakupepesa macho, na machozi yalimlengalenga.

Nje honi ikalia mara moja. Mfamasia akainuka, akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi? Hamjapambana na bwana!"

"Hatuna haja naye." Akautundika mkoba begani. "Umenitisha. Kiti ni chako."

Akaondoka. Shemeji naye ameishia hukohuko msalani bila hata kuaga; ukoo ule mzima hauna adabu. Lakini leo hilo halikumuudhi. Kiti ni chake! Mchoraji alifungua mapazia, akapuliza mishumaa huku akicheka peke yake, kisha akaona kwamba ushindi wa namna hii lazima amsimulie mkewe, asikie ameolewa na nani.

Akaingia jikoni, akatia mkono ndani ya buti la kushoto. Akalipindua, akalikung'uta. Halafu akageuka polepole kutazama mwisho wa korido, na ule mlango ambao tangu siku ya harusi haukuwahi kufunguliwa ila na yeye ulikuwa wazi.