Mashine Iliyokataa Kuhama

Skrubu za kasha la kompyuta zilikuwa zimekazwa sivyo.

Fundi Koleo alizigusa kwa kidole, moja baada ya nyingine. Jana alizikaza mwenyewe mpaka zikagoma. Leo zote mbili zilikuwa zimerudishwa nyuma robo mzunguko, na katika maisha yake alimjua mtu mmoja tu aliyekaza skrubu namna hiyo. Mtu huyo walimzika miezi minne iliyopita.

"Kuna aliyeifungua hii?" akauliza.

"Nani aifungue, shemeji?" mjane wa marehemu akajibu. "Mimi nashinda kazini. Mama ndiyo kabisa, hata kupita karibu nayo hataki."

Mama mkwe wake alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, bakuli la mchele mapajani, anachagua mawe. "Mimi nilikuwa wa kumshikia tochi tu," akasema bila kuinua macho. "Miaka kumi nimemshikia mwanangu tochi. Kompyuta nitaijulia wapi?"

Kompyuta ilikuwa ya marehemu, rafiki wa Koleo na ndiye aliyemfundisha ufundi. Ndani yake mlikuwa na picha zake zote, na sauti alizojirekodi alipoanza kuugua. Diski ya zamani ilianza kukwaruza kama kifua cha mwenye pumu, kwa hiyo Koleo alinakili kila kitu kwenye diski mpya, akaifunga ndani ya kasha, akabonyeza kitufe. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe: hakuna diski iliyopatikana.

Siku ile hakushtuka. Mashine ilikuwa bado inaitafuta diski ya zamani. Akaielekeza kwa mpya, ikawaka. Picha ya harusi ikatokea, mjane akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Asubuhi yake simu ikaita: imekufa tena. Koleo akabadilisha waya wa diski. Ikawaka. Kesho yake, imekufa. Akabadilisha na tundu la waya. Ikawaka, ikafa. Leo ilikuwa mara ya nne.

"Basi naahirisha tena safari," mjane akasema taratibu. Alikuwa amepata kazi mji wa mbali, na mabegi yake yalisimama kando ya mlango tangu wiki iliyopita. "Nilimwahidi mama nitamwachia sauti ya mwanawe. Siwezi kumwacha peke yake na mashine iliyokufa. Ila wenzangu kule wamenipa mpaka Jumatatu tu."

Mama mkwe akatupa jiwe dogo nje ya dirisha.

Koleo alifungua kasha. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akaubonyeza waya mwekundu wa diski, nao ukatoa mlio mdogo, tik. Ulikuwa umechomoka kiasi cha unene wa ukucha, si zaidi. Nyaya hazijichomoi, hilo alilijua tangu siku yake ya kwanza kazini, na kwa sababu alilijua aliurudisha mkono wake haraka.

Rafiki yake aliugua miezi sita. Koleo alikwenda kumwona mara moja. Alikaa dakika kumi ukingoni mwa kitanda, akishindwa kuitazama ile mikono iliyokonda, kisha akasingizia kuna mteja anamngoja.

"Utarudi lini?" mgonjwa alimwuliza.

"Kesho," alisema. Hakurudi.

Na sasa kila kesho alikuwa anaitwa kwenye nyumba ileile, chumba kilekile, na aliyemwita hakuwa mjane. Hivyo ndivyo moyo wake ulivyomwambia, na kwa siku tatu hakulala vizuri usiku. Mjane alipotoka kwenda kituo cha mabasi kubadilisha tarehe ya tiketi, Koleo aliinama karibu na kasha kana kwamba anakagua feni.

"Nisamehe, bwana," akanong'ona. "Niliogopa. Niache nimalize kazi."

Akabonyeza kitufe. Ikawaka papo hapo.

Alifunga vifaa haraka, asije akaona kingine. Mama mkwe alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, baba. Utarudi kesho?"

Koleo aliuchomoa mkono wake. Aliteremka ngazi mbilimbili, akavuka barabara, na alipofika kona ndipo alipogundua amesahau miwani yake juu ya meza. Alisimama hapo kitambo, mtu mzima anayeogopa miwani yake mwenyewe. Mwishowe akajikaza, akarudi.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Alikuwa ameinua mkono abishe hodi alipoisikia.

"Mama, nimeshakula. Usihangaike, kaa hapa tuongee."

Sauti ya rafiki yake. Ileile, na kikohozi chake kifupi mwishoni. Aliegemea mlango, nao ukasogea kiasi cha kiganja.

Skrini ilikuwa inang'aa. Mbele yake, mama mkwe alikuwa ameketi wima, ubavu wa kasha umeegemezwa ukutani, bisibisi mkononi. Alisubiri sauti iishe. Akaizima mashine kwa utaratibu, akangoja taa ya mbele ife, kisha mkono wake ukaingia ndani bila kupapasa, ukaufikia waya mwekundu, ukauvuta kiasi cha unene wa ukucha.

"Lala, mwanangu," akasema, akianza kurudisha skrubu. "Mkeo haondoki leo."