Sauti Nyuma ya Ukuta

Mchi ulikuwa ukidunda kinuni. Ejike alipoita "Mama!" kutoka uani, ukanyamaza.

Akaita tena. Kimya. Akazunguka hadi jikoni, akamkuta mama yake ameuinua mchi, fufu ya muhogo imenata nchani, tayari kumpasua kichwa.

"Mama, ni mimi!"

"Na yule wa kitabu chako si alisema hivyo hivyo?"

Ejike akacheka. Kitabu chake cha mzimu unaoita watu kwa sauti za majirani, na anayeitika haioni asubuhi, kiligombaniwa soko zima la Onitsha.

"Yale niliyatunga tu, Mama."

"Ulitunga? Bibi yako alinikataza kumwitikia nisiyemwona hata kabla hujazaliwa. Wewe umewakumbusha waliosahau."

Hapo sauti nyembamba ikatoka nyuma ya ukuta, kama ya jirani yao mjane. "Ejike! Ejike, mwanangu!"

Mama akamtazama. "Haya, bwana mtunzi. Itika."

Ejike akafungua kinywa. Ulimi ulikuwa mzito kama fufu iliyolala. Sauti ikaita tena, safari hii ikififia.

"Naam!" akapaza sauti, akauruka ukuta.

Mjane alikuwa chini kando ya pipa la maji, mguu umepinda, midomo imemkauka.

"Nimeita tangu alfajiri. Mama yako namsikia anatwanga tu. Jirani wa mlango wa pili naye kimya. Umetuandikia nini, we mtoto?"

Ejike akamwinua mjane kichwa, akakilaza pajani pake, akamwambia:

"Mama, ukiita tena, nitaitika kabla sijakuona."