Kwale na Hoja ya Mhanga

Katika chuo cha falsafa cha wanyama, aliyetaka kupinga hoja alipaswa kwanza kuieleza mbele ya mwenye hoja mpaka huyo akubali kuwa imeelezwa sawasawa. Akikataliwa mara tatu, alifukuzwa.

Kwale mwenye pupa alisimama mbele ya Mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, mwalimu mkali.

"Mwalimu, unasema macho hayadanganyi."

Mhanga akatikisa kichwa kukataa.

"Unasema gizani hamna kitu."

Akakataa tena. Darasa zima likashusha macho. Kwale akaacha kubahatisha, akafungua kijitabu ambacho Mhanga alikuwa amempa na ambacho hakuwahi kukisoma, akakisoma mpaka mwisho.

"Unasema kisichoonekana hakiwezi kujulikana."

"Ndivyo. Haya, nipinge."

"Hoja yako yenyewe, Mwalimu, ina rangi gani?"

Mhanga akachukua kalamu, akaomba arudishiwe kijitabu chake.