Betri Chini ya Blanketi

Fundi wa milango ya chuma alipachika betri, drili ikakohoa mara moja, ikazima. Ndipo akaikumbuka ile nyingine, iliyovimba tangu ilipoanguka. Asubuhi aliiacha ikichaji kitandani kwa mama yake, asiyeweza kusimama.

"Mwanangu, hicho kidude kinavuma, kinaninyima usingizi," mama alilalamika. Basi fundi akaifunika betri pamoja na chaja yake kwa blanketi zito, akafunga mlango kwa nje, mwizi asije akamsumbua mgonjwa.

Sasa, drili ikiwa bado mkononi, simu ikaita. Alikuwa jirani.

"Fundi, moshi unatoka chumbani kwa mama! Ufunguo uko wapi?"

Akapapasa mfuko wa suruali. Ulikuwa humo, umepata joto la paja lake.

"Vunjeni mlango!"

"Tumepiga nyundo mpaka mpini umekatika. Mlango huu si uliutengeneza wewe?"