Beji Juu ya Kitanda cha Tabitha

Tangu sheria imtake kila mchimbaji avae beji ya kupima mionzi, Perusi alikuwa amegombana na mumewe mpaka sauti ikamkauka. Aliyefikisha mionzi ya milisiveti ishirini kwa mwaka aliondolewa kazini, na mumewe huyo, Mwaluko, mchimba urani, hakutaka kuondolewa. Kwa hiyo kila asubuhi aliivua beji yake na kuitundika nyumbani, ukutani juu ya kitanda cha mtoto wao, Tabitha.

"Baba Tabitha, unamdanganya nani? Mionzi inaingia mwilini, si kwenye beji."

"Wewe omba, mke wangu. Mimi nichimbe."

"Nimeomba hadi magoti yameota sugu. Mungu hajaniambia nikufichie."

Mwaka ulipoisha, mpimaji wa beji, Bi. Chiduo, alipita nyumba kwa nyumba. Aliiweka beji ya Mwaluko kwenye mashine, akakunja uso, akairudia.

"Shemeji, thelathini na moja. Wenzako wa shimo lile lile wana kumi na mbili. Ulihamia kulala huko chini?"

Perusi akajibu kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuonya.

"Haijawahi kufika mgodini, mama. Inashinda hapa."

Bi. Chiduo akaugusa ukuta. Mwaluko alikuwa ameupiga lipu kwa mchanga laini wa bure kutoka mgodini, mabaki ya mawe ya urani yaliyosagwa, na Tabitha alilala ameegemeza shavu hapo kwenye ubaridi.

Perusi alimnyanyua mtoto, akatoka naye hadi mlangoni, akasimama. Nyumba zote za mtaa ule zilipigwa lipu kwa mchanga ule ule.