Jogoo wa Mama Bezunesh

Kwa mara ya tatu Gashaw alifungua mdomo ataje jina la Mungu, na kwa mara ya tatu ulimi ukamgomea.

Alikuwa amechuchumaa uani, uso mashariki, kisu mkononi, jogoo chini ya goti. Kisu kilikuwa kimenolewa vizuri. Jogoo alikuwa mwekundu, mnene, wa kumtoa mtu mate. Kilichokosekana ni yale maneno tu, "Kwa jina la Baba na la Mwana," ambayo hakuna Mkristo wa Gondar anayechinja bila kuyataja. Hayakutoka, kwa sababu jogoo hakuwa wake.

Alimkuta asubuhi hiyo akirandaranda karibu na kuni, kipande cha mkanda mwekundu kikining'inia mguuni. Akamdaka papo hapo. Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, baada ya karibu miezi miwili ya mfungo, bila nyama, maziwa wala yai. Tena yeye ni fundi cherehani ambaye Jumapili ya Matawi aliwatangazia wanawe kwamba mwaka huu bei ya jogoo haishikiki, na Pasaka italiwa kwa mchuzi wa dengu. Watoto walilia. Mkewe, Yeshimebet, hakulia; alinuna. Tangu siku hiyo alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni bila neno, mikono ikinuka siagi. Siagi, jamani, kwenye mfungo. Gashaw alinusa, akanyamaza, akamwombea msamaha kwa Mungu.

Mwenye jogoo hakuwa wa kuulizwa. Ni Mama Bezunesh, mjane wa ng'ambo ya ukuta. Kila Pasaka mwanawe aliyeko Addis Ababa humtumia jogoo kwa basi. Ukuta wenyewe ulishabomoka juu. Jogoo kaona nafasi, karuka.

"Mungu ndiye aliyekuleta," Gashaw alimwambia.

Jogoo alimtazama kwa jicho moja.

"Usinitazame hivyo. Yule bibi ana meno mangapi ya kukutafuna? Mimi nina watoto watatu."

Jogoo hakuondoa jicho lake.

"Haya, nitampelekea paja moja. Basi, yote mawili. Na shingo."

Jogoo wa Pasaka hukatwa vipande kumi na viwili, na Gashaw aliendelea kugawa mpaka akajikuta amebakiwa na vitatu. Sasa huu nao ni wizi gani? Alijaribu mara ya nne, kwa kunong'ona, kana kwamba Mungu ni mzito wa masikio. Ulimi ukagoma vilevile. Mtu anaweza kuiba jogoo, lakini amwombe Mungu abariki kisu chake? Hapo alishindwa.

Alitupa kisu, akaanza kucheka peke yake.

Kumpeleka mlangoni hakuthubutu. Jogoo alikuwa amevurugika manyoya, na bibi angeuliza alikuwa wapi tangu asubuhi. Kwa hiyo alipanda juu ya gogo, akafumba macho, akamrusha ng'ambo. Jogoo alipiga kelele zote alizokuwa nazo. Halafu ikafuata sauti ya Mama Bezunesh akipiga vigelegele, kimoja juu ya kingine, kama yuko harusini.

Gashaw alikaa juu ya gogo, mwili mwepesi, furaha imemjaa mpaka kooni. Kisha akawakumbuka wanawe, akainuka kwenda kuchambua dengu.

Jioni binti yake mdogo alimletea habari. "Mama katoka kanisani, kapitia kwa Mama Bezunesh. Kaitwa akamsaidie kupika, mikono ya bibi inatetemeka."

"Hajasema kitu?"

"Alimwangalia jogoo kutoka kichwani hadi mguuni. Halafu akacheka sana, akaanza kukata vitunguu."

Harufu ya vile vitunguu ilivuka ukuta mpaka usiku. Gashaw alikoroga dengu zake bila kinyongo.

Kulipopambazuka, wote wametoka kwenye ibada ya mkesha, Mama Bezunesh alikuwa tayari langoni kwao, mtandio mweupe mabegani. "Njooni wote na watoto. Jogoo haliwi na mtu mmoja."

Waliketi kuzunguka sinia moja. Mkate wa injera ulikuwa laini, mchuzi mwekundu unang'aa, mayai yanaelea juu. Mama Bezunesh alimviringishia Gashaw tonge kubwa, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Gashaw alitafuna kwa raha ya mtu aliyeshinda vita ambavyo hakuna anayevijua. Akaona si vibaya kujitafutia sifa kidogo.

"Mwanao ana mkono mzuri, Mama. Jogoo aliyekutumia mwaka huu si mchezo."

"Mwanangu?" Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwaka huu hakutuma hata salamu. Jana nilikuwa nimepiga magoti pale uani, namlalamikia Mungu, ndipo jogoo akanidondokea kichwani."

Gashaw aliacha kutafuna. Aligeuka kumtazama mkewe. Yeshimebet alikuwa ameinama akipakua, amevaa aproni nyekundu ambayo Gashaw alimshonea mwenyewe. Upande mmoja ilishikwa kwa pini, kwa kuwa mkanda wake haukuwapo.

"Kula, Gashaw," alisema, neno la kwanza tangu Jumapili ya Matawi, huku akimwekea paja la pili. "Wiki nzima nimesuka nywele za watu na kuzipaka siagi, ili nimnunue huyu. Nikamfunga nyuma ya kuni, nikasahau kwamba nina mume mtakatifu."