Mahari ya Mwanamvua

Shehe alimwambia Mwanamvua, mbele ya mumewe Shaibu, kwamba mke anayetaka khului, yaani talaka anayoidai mke mwenyewe, sharti kwanza arudishe mahari. Mahari yake ilikuwa msahafu. Mwanamvua akautua mezani.

"Si wangu huo!" Shaibu alifoka. "Mimi nilitoa mpya."

"Ulikuwa mpya siku ya harusi. Nimeusoma miaka tisa. Wewe uliufungua lini?"

"Mwanamke, chunga ulimi!" shehe alikemea.

"Dini imenipa haki hii, shehe, na mahari nimerudisha. Andika."

"Sipokei!" Shaibu akaficha mikono chini ya meza. "Utazeeka kwangu."

Shehe alishika kalamu, asiandike. Wanawake watatu waliokuwa wakisubiri zamu zao nje waliinuka kwenye benchi, wakaja kusimama mlangoni.